Maiti ya Tisa

Kwetu Bayana hakuna mwongo. Naanza na hilo ili msomaji wa nchi nyingine, aliyezoea kudanganywa, akae vizuri na aniamini. Zamani waongo walikuwapo, tena tele, mpaka siku ile Mtukufu Rais alipomuuliza mpishi wake kama amenenepa. Mpishi akajibu, "Hata kidogo, Mtukufu." Kesho yake, mbele ya mabalozi na gwaride zima, kiti cha Mtukufu kikavunjika miguu yote minne. Mpishi alipigwa risasi kabla Mtukufu hajainuliwa kutoka chini, na kabla jua halijatua tulikuwa na Sheria ya Kweli.

Sheria yenyewe ni nyepesi. Uongo mmoja, jino moja. Meno yakiisha, ulimi. Ulimi ukiisha, shingo, maana kichwa kisicho na meno wala ulimi ni mzigo tu kwa mwenyewe. Kila Jumamosi Mng'oaji wa Serikali huweka benchi lake sokoni, karibu na wauza vitunguu, pamoja na koleo na ndoo. Ganzi hatumii. Wizara ya Kweli ilifafanua kwamba ganzi humfanya mtu aone haumii na kumbe anaumia, kwa hiyo ganzi nayo ni uongo.

Msidhani sheria inabagua. Viongozi nao wamo, ila viongozi wetu hawana tabia ya kusema uongo. Wao hutoa Taarifa ya Awali, na mambo yakienda vingine hutoa Taarifa ya Marekebisho, na zote mbili ni za kweli.

Mimi ni Msikilizaji wa Mtaa wa Pili. Kila mtaa unaye mmoja. Kazi yangu ni kuandika yanayosemwa na watu, kisha kuyapeleka mahakamani kila wiki. Ndiyo maana haya ninayoyasimulia nayajua vizuri, mengine kwa kuyaona, mengine kwa kuambiwa na mwenyewe Sista Nyamvula, ambaye tunaishi naye nyumba moja, yeye upande wa mashariki na mimi wa magharibi.

*

Sista Nyamvula alikuwa muuguzi wa hospitali ya wilaya, mwanamke mrefu, mkavu, asiyependa maneno mengi. Mama yake alimlea kwa fimbo na uji, na kosa alilomchapia kuliko yote lilikuwa uongo. Akakua hivyo. Mgonjwa akimuuliza, "Sista, nitapona?" alimjibu ndiyo au hapana, na waliojibiwa hapana walikuwa wakimshukuru na kugeukia ukutani.

Mumewe, Mwachiro, alikuwa mwalimu wa hesabu. Miaka mitatu kabla ya mambo haya askari walifika nyumbani mchana, Mwachiro akiwa shuleni. Wakamuuliza Sista, "Mumeo anasikiliza redio ya nje?"

"Anasikiliza."

"Kila siku?"

"Ijumaa hasikilizi. Ijumaa anakwenda kwa mama yake."

Wakamshukuru kwa adabu. Walisema watamuuliza Mwachiro maswali mawili matatu tu, kisha watamrudisha. Na kweli walimrudisha. Alirudi Jumanne ndani ya gunia la katani, mikono yake imevunjwa kwa mpangilio, kidole baada ya kidole, kama mtu aliyekuwa akifundishwa kuhesabu. Askari yule yule aliyebeba gunia alikuwa na kisanduku chekundu kwapani. Ndani yake mlikuwa na Nishani ya Kweli, Daraja la Kwanza, iliyotiwa saini na Mtukufu mwenyewe. Vililetwa pamoja kwa gari moja kuokoa mafuta.

Tangu siku hiyo picha ya Sista iliwekwa kwenye jalada la daftari za shule. Chini yake paliandikwa: HUYU HAWEZI KUDANGANYA. NI NENO LA RAIS. Watoto waliandika hesabu zao ndani ya daftari hizo, wakifundishwa na mwalimu mwingine.

*

Sasa twende Magadini, kwenye mashamba ya chumvi. Wafanyakazi wa huko husimama ndani ya maji ya chumvi tangu asubuhi, na miguu yao hupasuka mpaka nyama nyekundu ionekane. Mheshimiwa Waziri wa Kweli alikwenda kuwatembelea. Akapanda kwenye kichuguu cha chumvi, akafunuliwa mwavuli, akawahutubia kwa saa mbili juu ya uhuru wa kusema kweli. Mwishoni akauliza, "Je, ndugu zangu, mmeridhika?"

Hakuna aliyejibu. Wangesema ndiyo, ni uongo, na jino lingetoka. Wangesema hapana, hawakujua kingetoka nini.

"Nauliza kwa mujibu wa sheria," Waziri akasema. "Kunyamaza ni kuficha, na kuficha ni kudanganya."

Ndipo kijana mmoja aitwaye Ndoro, mwenye miaka ishirini na minane, akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, hatujaridhika. Miguu yetu inaoza. Tunaomba viatu vya mpira."

Waziri akatabasamu. Akashuka, akamshika mkono, akamwambia, "Nakupongeza. Umesema kweli, na kwa uongo hakuna atakayekugusa." Kisha akamgeukia Kapteni Mbwera, mkuu wa kikosi. "Kapteni, hawa si waongo. Wapige kwa utovu wa shukrani."

Kapteni Mbwera alikuwa mtu wa kutii haraka. Bunduki zililia muda ambao mtu angemaliza kunywa kikombe cha chai. Waliokimbia walikimbilia majini, na chumvi ikawashika miguu. Maji yale ni meupe siku zote. Mchana huo yalikuwa mekundu kama juisi ya rosela, na chumvi iliyovunwa wiki iliyofuata ilikuwa ya waridi, ikapendwa sana mezani kwa mabalozi.

Saa nane redio ikatoa Taarifa ya Awali: wafanyakazi arobaini na mmoja wa Magadini wamezimia kwa furaha baada ya hotuba ya Waziri. Saa kumi ikatoka Taarifa ya Marekebisho: furaha hiyo imekuwa ya kudumu.

*

Walioshikwa na furaha walipakiwa kwenye lori, wakaletwa hospitali ya wilaya. Chumba cha maiti kilikuwa na vitanda vinne, hivyo walilazwa sakafuni kwa safu, na Sista Nyamvula akaambiwa aandike majina yao. Alikuwa amepiga magoti kwenye maiti ya tisa, akisoma kitambulisho alichokitoa mfukoni mwake, pale maiti hiyo ilipomshika kifundo cha mkono.

Ilikuwa imekosa sikio la kushoto. Risasi nyingine ilikuwa imepita begani ikatokea nyuma. Macho yalikuwa wazi.

"Sista," maiti ikanong'ona. "Usiwaambie."

Kabla hajajibu, mlango ukafunguliwa. Kapteni Mbwera akaingia na askari wawili. Suruali yake ilikuwa imelowa mpaka magotini, na mkononi alikuwa na bunduki yenye singe.

"Shikamoo, Sista," akasema, maana alikuwa na adabu.

"Marahaba."

"Namtafuta mmoja. Yule aliyemjibu Waziri. Mheshimiwa anataka uhakika kwamba naye yumo." Akatazama safu. "Nyuso zao zimeharibika, simtambui. Basi nitahakikisha wote."

Akaanza na maiti ya kwanza. Aliweka ncha ya singe chini ya mbavu, akaegemea. Ikatoa sauti kama mtu anayechana mfuko wa saruji. Akaenda ya pili. Ya tatu. Hakuwa na hasira hata kidogo. Alifanya kama mkulima anayepima viazi kama vimeiva. Maiti ya nne ilitoa pumzi ndefu aliposukuma, na mmoja wa askari akaenda kutapika mlangoni. Ya tano. Ya sita.

Sista alikuwa bado amepiga magoti. Mkono wa maiti ya tisa ulikuwa umemwachia, na vidole vyake vimelala sakafuni vikitetemeka, naye akavifunika kwa pindo la gauni lake. Aliniambia baadaye kwamba wakati ule hakuwaza sheria wala meno. Aliwaza Ijumaa. Aliwaza kwamba angaliweza kuwaambia askari waliomfuata Mwachiro kuwa siku zote yuko kwa mama yake.

Kapteni akafika ya saba.

"Kapteni," Sista akasema. "Unayemtafuta ni huyu hapa. Ndoro. Nimesoma kitambulisho chake."

Kapteni akaja, akainama. "Amekufa?"

Sista Nyamvula alikuwa na miaka arobaini na sita, na katika miaka hiyo hakuwahi kusema neno asilolijua kuwa kweli.

"Nakuuliza, Sista. Amekufa?"

"Amekufa."

Kapteni akamtazama usoni. Kisha akaifuta singe kwenye shuka, akairudisha alani. "Ingekuwa mwingine anayesema hivyo, ningemchoma huyu," akasema. "Lakini wewe nimekuona kwenye daftari la binti yangu." Akapiga saluti, akaondoka.

Jioni hiyo makaburi arobaini na moja yalichimbwa. Katika moja liliingia gunia la mchanga, ambalo Sista alilivika sanda na kuliandika jina la Ndoro.

*

Ndoro, aliyeletwa na Sista usiku, alikaa upande wa mashariki wa nyumba yetu wiki sita. Sista alimshona bega kwa uzi wa hospitali na kumwosha jeraha la sikio kwa maji ya chumvi, mpaka Ndoro akamwambia, akicheka na kulia, kwamba chumvi imemfuata hata hapa. Mimi, nikiwa Msikilizaji, nilisikia kikohozi cha mwanamume kila alfajiri. Niliandika kwenye ripoti: "Sista ana kifua. Kinatoa sauti nzito." Niliona haya kumuuliza mwanamke habari za kifua chake.

Wiki ya saba Ndoro alisema anataka kwenda kwa dada yake, ng'ambo ya mto. Sista alimkataza. "Bado. Wanapekua barabara."

"Mimi ni maiti, Sista. Nani anapekua maiti?"

Akaondoka mchana, amejifunga kilemba kufunika sikio. Kwenye daraja upepo ukakifungua. Na aliyekuwa zamu darajani alikuwa Kapteni Mbwera.

Kapteni alifurahi mno. Alimpiga Ndoro kitako cha bunduki mdomoni, akamfunga kamba shingoni, akamkokota kwa miguu mpaka mahakamani, akisimama njiani kuwaonyesha watu. "Mnamwona? Yule muuguzi wenu wa kwenye daftari ni mwongo!" Alidhani atapandishwa cheo. Watu walifunga madirisha.

*

Jaji Mkuu Kitojo alikuja mwenyewe kutoka mji mkuu. Alikuwa mzee mnene, mwenye sauti tamu. Mimi nilikaa benchi la Wasikilizaji, safu ya mbele. Upande mmoja alisimama Kapteni na bunduki yake. Upande wa pili Sista Nyamvula, kavaa sare nyeupe, kifuani nishani. Katikati alikuwa Ndoro, amefungwa kamba, damu ikimdondoka kidevuni.

"Kapteni, eleza," akasema Jaji.

"Mheshimiwa Jaji, siku ile Magadini niliwapiga risasi watu arobaini na mmoja. Huyu ni mmoja wao. Sista aliniambia amekufa. Nami namleta mzima. Basi Sista kadanganya. Naomba meno yake."

Jaji akavua miwani, akaipangusa taratibu. "Kapteni, unafahamu nishani hii aliitoa nani?"

"Mtukufu Rais."

"Na Mtukufu aliandika nini?"

"Kwamba hawezi kudanganya."

"Sasa ikiwa amedanganya, Mtukufu atakuwa amesema nini?"

Kila mmoja ukumbini alimwona, kwenye mawazo yake, Mng'oaji wa Serikali akipanda ngazi za Ikulu na koleo na ndoo, na kila mmoja akajikaza asimwone.

"Mahakama haina shaka," Jaji akaendelea, "lakini utaratibu ni utaratibu. Sista Nyamvula, apa. Mtu huyu aliyesimama hapa yuko hai au amekufa?"

Ndipo nilipomwona Sista akigeuza kichwa kumtazama Kapteni. Si Ndoro, Kapteni. Alikuwa anajua, kama tulivyojua sote, kwamba jibu lake, lolote lile, lingemwua mmoja wao, Ndoro au Kapteni. Na Kapteni, mwuaji wa Magadini, ndiye peke yake katika ukumbi ule aliyekuwa amesema kweli tupu.

"Mheshimiwa," Sista akasema, "sheria inaruhusu nisijibu?"

"Kunyamaza ni kuficha."

Alishika kizimba kwa mikono miwili.

"Amekufa," akasema.

"Mheshimiwa!" Kapteni akapiga kelele. "Mtazameni! Anapumua!"

"Naomba maji," akasema Ndoro, kwa kuwa mdomo ulikuwa umejaa damu.

"Karani," akasema Jaji, "andika kwamba maiti imetulia. Sasa tuje kwako, Kapteni. Umedai risasi zilipigwa Magadini. Taarifa ya Serikali haitaji risasi. Huo ni uongo wa kwanza. Umedai uliua watu arobaini na mmoja, na Serikali imesema walikufa kwa furaha. Hapo pana uongo arobaini na mmoja, kila mtu na wake. Na umedai marehemu huyu yu hai. Una meno mangapi?"

"Ishirini na tisa," akasema Kapteni. Hata hilo alilisema kweli. "Mheshimiwa, mwanangu ana daftari lenye picha yake. Nilimwamini. Singe ilikuwa mkononi mwangu, nikaiacha kwa sababu nilimwamini!"

"Meno hayatoshi," akasema Jaji kwa huzuni. "Yatafuatiwa na ulimi. Maiti ikabidhiwe ndugu zake ng'ambo ya mto wakaizike."

*

Hawakungoja Jumamosi. Mng'oaji aliitwa uani kwa mahakama, na askari wanne, wale wale wa kikosi chake, wakamkalia Kapteni miguuni na mikononi. Mng'oaji ni fundi, lakini meno ya askari yalikuwa imara, yametunzwa kwa mswaki. La kwanza lilitoka na kipande cha taya. Kufikia la kumi Kapteni aliacha kutukana. Kufikia la ishirini sauti aliyotoa haikuwa ya mtu. Waliokuwa wakihesabu kwa sauti, kama ilivyo desturi, wakashusha sauti, wakawa wanahesabu moyoni. Kisha ukafuata ulimi, na koleo likateleza mara mbili.

Damu ikamwingia kooni. Sista Nyamvula aliruka ukuta mdogo wa ua, akamsukuma askari, akamgeuza Kapteni ubavu, akatia vidole kinywani kutoa mabonge ya damu. "Nipeni pamba! Nipeni kitambaa!" Hakuna aliyempa. Akavua kilemba chake, akakisokota, akakandamiza. Kilijaa. Akachana pindo la sare, likajaa nalo. Kapteni alimtazama muda wote huo kwa macho makubwa, akimshika kifundo cha mkono. Alikufa hivyo, hajauachia, ikabidi askari wavikunjue vidole vyake kimoja kimoja.

Redio ilisema Kapteni Mbwera amestaafu.

Sista alimsindikiza Ndoro mpaka darajani. Askari wa zamu walitazama mtoni wakati anapita, kwa sababu kuona maiti ikitembea na kusema umeiona kungewagharimu.

"Umeniokoa mara mbili," Ndoro akamwambia.

"Mara ya kwanza nilikuokoa," akasema Sista. "Mara ya pili nilichagua. Si kitu kimoja. Nenda."

*

Siku tisa baadaye, asubuhi, mwanamke aliyevaa kaniki alikuja kwenye mlango wa mashariki. Nilimjua: Mejumaa, mke wa Kapteni. Niliketi upande wangu na daftari la kazi. Kati ya chumba cha Sista na changu kuna mabati tu.

"Karibu," nikamsikia Sista.

"Sikuja kukutukana, dada," akasema Mejumaa. "Nina swali moja. Mtaani wananiambia mume wangu alikuwa mwongo. Binti yangu wanamwita mtoto wa mwongo. Wewe ulikuwapo. Mume wangu alidanganya?"

Niliweka kalamu kwenye karatasi. Jibu lilikuwa jepesi. Alikwisha kulitoa mahakamani, tena kwa kiapo, na kulirudia kusingemdhuru.

"Hapana," akasema Sista Nyamvula. "Mume wako alisema kweli. Aliua watu wale, na Ndoro alikuwa hai. Mimi ndiye niliyedanganya, mara mbili. Mara ya kwanza ningerudia hata leo. Ya pili naiota kila nikilala. Kama utakwenda kunisema, sitakulaumu."

Nilisikia kiti kikilia.

"Siku ile ya Magadini," akasema Mejumaa, "alirudi suruali imelowa damu. Nikamuuliza damu ya nini. Akasema wamechinja mbuzi kambini. Mimi nimekulia kwa wachinjaji, dada. Damu ya mbuzi naijua. Nikaichukua suruali nikaifua, nikamwambia mbuzi huyo alikuwa mkubwa. Unafikiri alinidanganya kwa kunihurumia, au kwa kuniogopa?"

"Sijui."

"Nami niliitikia kwa lipi?"

"Hilo nalo sijui."

Wakalia. Kila mmoja alilia kivyake, nadhani, maana sauti zao hazikukutana. Baadaye mlango ukafunguliwa, nami nikatoka upesi nikasimama njiani na daftari, kama kazi inavyotaka. Mejumaa akanikuta hapo, macho yamevimba.

"Shemeji," nikamwambia, "pole na msiba. Sheria inanilazimu kuuliza. Sista amekuambia nini?"

Alinitazama kidogo.

"Kaniambia mume wangu alikuwa mwongo," akasema. "Nami nimeridhika."

Nikaandika. Alisubiri nimalize, kisha akatazama nyuma yangu, kwenye mlango wangu ulio wazi, na kiti changu kilichosogezwa mpaka ukutani.

"Mabati haya ni membamba," akasema.

"Ni mazito, shemeji," nikamjibu. "Hayapitishi hata kikohozi."